Johann Ludwig Krapf na Neno Huzuni: Maisha ya Mkusanya Maneno

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hata hivyo, aliyebaki juu ya kaburi naye ana yake, na kila lugha imemtafutia maneno ya kuyasemea yaliyo moyoni mwake. Sisi tuliozaliwa Mutomo, katika nyanda kavu zilizoko baina ya mji wa Kitui na mbuga ya Tsavo Mashariki, hujifunza maneno hayo mara mbili. Kwanza tunayapata nyumbani kwa Kikamba: kyeva, ũtanu, wendo. Kisha tunaingia darasani na kupewa mengine ya Kiswahili: huzuni, furaha, upendo. Yale ya kwanza hatukumbuki tuliyajua lini. Haya ya pili tunaikumbuka hata siku yenyewe.

Mimi nililipata neno huzuni nikiwa darasa la nne. Mwalimu aliliandika ubaoni katika orodha ya vinyume, mkabala na furaha, nasi tukalikariri kama tulivyokariri majina ya wilaya. Kwa muda wa miaka miwili, huzuni kwangu lilikuwa jibu la mtihani tu. Babu yangu alipofariki, mwalimu yule yule alifika matangani, akasimama mbele ya wazee na kusema kwa Kiswahili kwamba shule nzima imeshikwa na huzuni. Siku hiyo ndipo neno lilipotoka ubaoni na kuingia moyoni.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu ya mjadala ambao kila msomaji wa jarida hili ameusikia katika kumbi zetu za mihadhara. Kuna wanaodai kwamba maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu ni mali ya kuazima, na kwamba lugha iliyoazima hata maneno ya moyo haina moyo wake. Huzuni, furaha, hofu, hamu, shauku na ghadhabu hutajwa kuwa ushahidi. Makala haya yanakusudia kuuangalia mjadala huo kwa njia ya kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyefika pwani yetu mwaka 1844 akiwa hajui Kiswahili, akajifunza maneno hayo akiwa mtu mzima, na akayaweka katika kamusi ambayo kamusi zetu nyingine zilijengwa juu yake. Mtu huyo ni Johann Ludwig Krapf.

Kuzaliwa na Masomo

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg ambao sasa ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa madhehebu ya Kilutheri. Hapakuwa na dalili yoyote katika ukoo huo ya kwamba mtoto wao angekuja kuandika sarufi ya lugha ya watu wa Mvita.

Akiwa kijana mdogo alipigwa isivyo haki na jirani hata akaugua kwa miezi kadhaa, na katika kipindi hicho cha kulala kitandani ndipo alipozama katika usomaji wa Biblia. Baadaye, alipopelekwa shule ya Tübingen, alipata ramani ya dunia, akastaajabia jinsi sehemu ya mashariki mwa Afrika ilivyokuwa na majina machache mno. Mahali patupu katika ramani pakawa kama deni ambalo mtu fulani lazima alilipe.

Alijiunga na chuo cha wamishonari cha Basel, Uswisi, mwaka 1827. Alitoka huko kwa muda akiwa na mashaka juu ya wito wake, akasomea theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen, na kumaliza mwaka 1834. Miaka michache baadaye alikubaliwa na Shirika la Wamishonari la Kanisa la Uingereza, maarufu kama CMS, lililompangia kwenda Uhabeshi. Mwaka 1837 alisafiri kupitia Misri, na huko akajipatia Kiarabu cha kuzungumzia kabla ya kuvuka Bahari ya Shamu.

Uhabeshi na Jina la Mtoto wa Kwanza

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Adwa, katika Tigray, ambako wamishonari walifukuzwa mwaka 1838. Mwaka uliofuata alielekea kusini hadi Shoa, katika makao ya Mfalme Sahle Selassie, na akakaa huko mpaka mwaka 1842. Alijifunza Kigeezi, ambayo ni lugha ya kale ya kanisa la Uhabeshi, na Kiamhara. Alivutiwa sana na watu wa kabila la Oromo, akajifunza lugha yao, na mnamo mwaka 1840 maelezo yake mafupi ya sarufi ya lugha hiyo yakachapishwa London.

Mwanafunzi wa isimu linganishi atatambua umuhimu wa hatua hii. Kigeezi, Kiamhara na Kiarabu ni lugha za jamii moja ya Kisemiti. Mzizi wa konsonanti tatu ambao katika Kiarabu hutoa neno huzn ndio ule ule unaotoa hazan katika Kigeezi na Kiamhara, na maana ni hiyo hiyo moja: majonzi ya moyo. Kwa hivyo Krapf alikwisha kukutana na ndugu wa neno letu huzuni katika milima ya Uhabeshi, miaka kadhaa kabla ya kulisikia likitamkwa Mombasa.

Alikutana pia na lile linalotajwa na neno hilo. Mwaka 1842 alifunga ndoa na Rosine Dietrich katika mji wa Alexandria, Misri. Bibi huyu alikuwa amesafiri kutoka Ulaya kuja kuolewa na mtu ambaye maisha yake yalikuwa safari tupu. Walipojaribu kurudi Uhabeshi mwaka 1843, Rosine alijifungua kabla ya wakati katika nyika ya Washoho, karibu na pwani ya Bahari ya Shamu. Mtoto wa kike aliyezaliwa aliishi muda mfupi tu. Kabla ya kumzika, Krapf alimbatiza na kumwita Eneba, neno la Kiamhara lenye maana ya chozi.

Jambo hili linastahili kutiliwa maanani. Krapf alikuwa Mjerumani, na lugha ya mama yake ilikuwa na neno lake la chozi. Licha ya hayo, alipotaka jina la kumpa mtoto aliyemzika nyikani, alilichukua kutoka katika lugha aliyojifunza ukubwani. Wale wanaoamini kwamba lugha ya kujifunza haiwezi kubeba uchungu wa kweli wana budi kulijibu kaburi la mtoto huyu.

Mombasa, 1844

Milango ya Uhabeshi ilipofungwa, Krapf aliamua kuwafikia Waoromo kwa njia ya kusini, kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Aliondoka Aden pamoja na mkewe mwishoni mwa mwaka 1843, na Januari 1844 akafika Unguja. Sayyid Said, aliyekuwa mtawala wa Unguja na Omani, alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei mwaka huo Krapf na Rosine walihamia Mombasa.

Mombasa ya wakati huo ilikuwa mji wenye taaluma ya muda mrefu. Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mvita, alikuwa amefariki miaka michache tu kabla yake, takriban mwaka 1840, na tungo zake zilikuwa bado midomoni mwa watu. Wasomi wa mji waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, walihifadhi tendi ndefu katika vyuo, na walijua fiqhi na nahau. Krapf hakukuta lugha inayongoja kuandikwa. Alikuta lugha iliyoandikwa kwa karne kadhaa, ila kwa hati ambazo Ulaya haikuzizoea.

Aliyemwongoza katika lugha hiyo ni Sheikh Ali bin Mohedin, msomi wa mji aliyekuwa na cheo cha kadhi. Mnamo Juni 1844, baada ya majuma machache tu ya kukaa Mombasa, wawili hao walianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la chama cha wataalamu wa taaluma za Mashariki. Hebu msomaji afikiri juu ya kikao hicho: kadhi wa Kiislamu na mmishonari wa Kikristo wameketi pamoja, kisa cha Adamu kinajulikana kwa wote wawili, na kazi iliyopo ni kutafuta neno la Kiswahili ambalo kila mmoja wao ataliridhia. Katika kikao cha namna hiyo maneno yenye asili ya Kiarabu yalikuwa daraja, kwa kuwa msamiati wa dini, sheria na hisia wa Waswahili ulikuwa umekwisha kunywa katika kisima hicho.

Sura ya tatu ya kitabu hicho inaeleza jinsi mwanamke alivyoandikiwa utungu wa kuzaa na mwanamume taabu ya kuilima ardhi hata atakapoirudia. Krapf alianza kazi hiyo mwezi wa Juni. Mwezi wa Julai, yeye na mkewe walikuwa wamelala kwa homa kali ya malaria, na katika hali hiyo Rosine akajifungua mtoto wa pili wa kike. Siku chache baadaye Rosine alifariki. Krapf mwenyewe alikuwa dhaifu hata akapata shida ya kujiinua kitandani ili ahakikishe kwamba mkewe amekata roho. Muda si mrefu mtoto naye akamfuata mamake.

Walizikwa upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa, kwa kuwa Rosine alitaka kaburi lake liwe mahali watakapolipita watu wa bara. Kaburi hilo lipo Nyali, karibu na mnara uliowekwa kwa ajili ya kumkumbuka Krapf. Katika barua aliyoiandikia CMS, Krapf hakuomba kurudishwa kwao. Aliwaarifu kwamba kaburi hilo ni alama ya kazi iliyoanza katika pwani hii, na akaendelea kuikusanya lugha.

Neno Lenyewe

Inafaa sasa tulitazame neno huzuni kwa jicho la mwanaisimu. Kiarabu hulitamka huzn, kwa konsonanti mbili zinazofuatana mwishoni. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, na kwa hivyo wasemaji walichopeka irabu u baina ya konsonanti hizo, sawa na irabu inayotangulia, kisha wakalifunga neno kwa irabu i. Tukapata hu-zu-ni, silabi tatu wazi, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kanuni. Njia hiyo ya kuchopeka irabu ndiyo iliyoifanya hukm kuwa hukumu.

Neno likiisha kukaa hukaribishwa katika unyambuaji. Huzuni imezaa huzunika, huzunisha na huzunia. Kiarabu kina vitenzi vyake kutokana na mzizi huo, lakini viambishi hivi ni vya Kibantu, vile vile tunavyovitumia katika pika, pikika na pikisha. Mwarabu aliyelileta neno hili akirudi leo hatalitambua lote. Ni mgeni aliyeoa, akazaa, na wajukuu wake wanasema lugha ya mji.

Fauka ya hayo, maana nayo hubadilika. Neno hasra katika Kiarabu ni majuto na masikitiko. Kwetu hasira ni ghadhabu inayopanda. Neno hamm katika Kiarabu ni wasiwasi na mzigo wa fikira. Kwetu hamu ni kutamani na kutazamia kwa shauku. Waswahili hawakuyameza maneno haya mazima mazima. Waliyatia katika maisha yao, yakapata umbo la maisha hayo.

Tena, huzuni haikuliondoa neno la Kibantu. Tunalo uchungu, linalotaja ladha ya mwarobaini, maumivu ya mwili, utungu wa mzazi na machozi ya mfiwa. Uchungu huanzia mwilini na kupanda moyoni. Huzuni hukaa moyoni na huweza kudumu hata baada ya mwili kupoa. Rosine alipatwa na uchungu katika chumba kile cha Mombasa, na Krapf akabaki na huzuni kwa miaka. Lugha iliyo na maneno yote mawili inaweza kuvitenga vitu hivyo viwili, na huo ni utajiri.

Ukambani na Kifo cha Kivoi

Juni 1846 Krapf alipata mwenzake, Johannes Rebmann, aliyetoka naye Württemberg. Mwaka huo huo walianzisha kituo cha Rabai, katika nchi ya Mijikenda. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mwaka huo Krapf alizuru Usambara kwa Mfalme Kimweri, na Novemba 1849 akaelekea Ukambani.

Hapo ndipo maisha yake yanapogusa nchi yetu. Alipita Taita na Kikumbulyu, ambayo sasa iko katika Makueni, akaifikia Kitui kwa Kivoi Mwendwa. Kivoi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu aliyeongoza misafara ya mamia ya watu hadi Mombasa. Wakamba wa karne hiyo walizipita nyika zetu kavu kwa miguu kila msimu, wakajua Kiswahili cha biashara muda mrefu kabla ya shule yoyote kufunguliwa. Kwa hakika maneno yenye asili ya Kiarabu yaliingia Ukambani pamoja na shanga, nguo na nyaya za shaba, na hapana mtu aliyewalazimisha wazee wetu kuyapokea.

Kivoi ndiye aliyemweleza Krapf habari za mlima mkubwa mweupe ulio kaskazini. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf aliuona kwa macho yake. Matamshi ya Kikamba ya jina la mlima huo, kama alivyoyasikia na kuyaandika, ndiyo yaliyozaa jina la nchi yetu. Wataalamu wa Ulaya walibisha kwamba theluji haiwezi kukaa chini ya ikweta. Krapf hakuwa mtu wa kubishana sana. Alikuwa na vitabu vya kuchapisha. Mwaka 1850 huko Tübingen alitoa muhtasari wa sarufi ya Kiswahili, Injili ya Marko kwa Kikamba, na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki uliokiweka Kikamba katika safu moja na Kiswahili. Kwa mwanafunzi atokaye Mutomo, kitabu hicho cha mwisho kina uzito wa pekee, kwa kuwa ndani yake maneno ya nyumbani na maneno ya shuleni yamekaa ukurasa mmoja.

Julai 1851 alirudi Ukambani akikusudia kufungua kituo Yatta. Mpango huo haukufaulu, naye akaendelea hadi kwa Kivoi. Mwezi wa Agosti walifuatana kuelekea mto Tana pamoja na kundi dogo la watu. Karibu na mto walivamiwa na majambazi. Kivoi aliuawa, watu wakatawanyika, na Krapf akajikuta peke yake msituni. Alitembea usiku na kujificha mchana. Kwa kuwa hakuwa na kibuyu, aliyachota maji ya Tana kwa mitutu ya bunduki yake.

Alipofika kwa watu wa Kivoi hakupokewa kama mtu aliyeokoka. Jamaa za marehemu walimuuliza ni vipi mgeni aliyesadikiwa kuwa na uwezo mkubwa alishindwa kumlinda mwenyeji wake, na baadhi yao walitaka auawe. Alitoroka usiku na baada ya taabu nyingi akafika Rabai. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona.

Wasifu mwingi wa Krapf humsifu kwa kuokoka kwake na kuishia hapo. Sisi wa Kitui tuna haki ya kuuliza habari ya matanga yaliyofanywa nyumbani kwa Kivoi. Jina Mwendwa maana yake ni mpendwa. Walioachwa na mpendwa huyo walikuwa na kyeva yao, na hasira yao juu ya mgeni ilitokana nayo. Ukirejea Kiarabu ambamo hasra ni masikitiko, utaona kwamba mwendo wa neno hilo kutoka majonzi hadi ghadhabu ndio mwendo wa moyo wa mfiwa yeyote, awe Mwarabu, Mswahili au Mkamba.

Kurudi Kwao na Kamusi

Afya ya Krapf ilikuwa imeharibika, na mwaka 1853 akaondoka Afrika Mashariki. Alijaribu kurudi Uhabeshi mwaka 1855 bila ya mafanikio, kisha akatua Korntal, karibu na Stuttgart. Mwaka 1856 alioa tena. Mwaka 1858 alichapisha kwa Kijerumani masimulizi ya safari zake, na toleo la Kiingereza likafuata mwaka 1860. Alikuja tena pwani kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti waliofungua kituo cha Ribe mwaka 1862, na mnamo 1867 akaandamana na jeshi la Waingereza kwenda Uhabeshi akiwa mkalimani.

Rebmann alibaki Rabai mpaka mwaka 1875, akarudi Ulaya akiwa kipofu, na akafariki Korntal mwaka 1876. Krapf alikuwa na miswada yake mwenyewe pamoja na ile ya mwenzake, na aliitumia miaka yake ya uzeeni kuikamilisha kamusi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: safari zote zile ziliishia kwenye meza moja, mbele ya maneno yaliyokusanywa Mombasa na Rabai. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882. Hakuiona.

Kamusi hiyo iliegemea Kimvita, na maelezo yake hayakomi kwenye maana tu, bali hueleza pia mila, mimea, vyombo na misemo. Madan aliitumia katika kazi zake, na kupitia kwake ikaifikia kamusi sanifu ya mwaka 1939. Binns aliirekebisha na kuipanga upya mwaka 1925. Ijapokuwa Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, mchango wa Kimvita ulihifadhiwa kwa kiasi kikubwa na Krapf.

Tathmini

Si vyema tumpambe marehemu kwa sifa asizostahili. Krapf alikuja kueneza dini yake, na maandishi yake kuhusu Uislamu na kuhusu mila za Waafrika yana maneno ya dharau. Ramani alizosaidia kuchora zilitumiwa baadaye na wakoloni. Alipinga kuendelezwa kwa hati za Kiarabu katika kuandika Kiswahili na akapendelea hati za Kirumi, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba alitaka kuwatenga wanafunzi wake na athari ya Kiislamu. Hasara ya uamuzi wa namna hiyo tunaiona hata leo: wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili hawawezi kuisoma miswada ya mababu wa fasihi hiyo bila ya kutafutiwa unukuzi.

Hata hivyo, mtu huyo huyo ndiye aliyepeleka Ujerumani, mwaka 1854, miswada ya tendi za Kiswahili iliyoandikwa kwa hati hizo hizo, ukiwemo Utendi wa Tambuka, na hivyo kuiwezesha kuhifadhiwa. Aliyeikataa hati ya Kiarabu hakuweza kuyakataa maneno yenye asili ya Kiarabu. Kama angeyaondoa, asingeweza kutafsiri hata sura tatu za Mwanzo, wala asingepata njia ya kuwaeleza majirani zake wa Mombasa yaliyompata mwezi ule wa Julai. Jambo hili linatufundisha zaidi ya hoja nyingi za darasani. Wanaotaka kukisafisha Kiswahili kwa kuyang'oa maneno ya asili ya Kiarabu wanafikiri wanang'oa magugu, ilhali mizizi ya maneno hayo imekwisha kushikana na mizizi ya mengine.

Hali kadhalika, hatuna budi kumkumbuka Sheikh Ali bin Mohedin. Jina la Krapf limepewa mnara na vitabu; jina la mwalimu wake hutajwa kwa sentensi moja, kama lilivyotajwa hapa. Kila kamusi ina mkusanyaji na ina waliokusanywa kwao, na ingefaa watafiti wa kizazi chetu waanze kuwaandikia wasifu hao wa pili.

Hitimisho

Krapf alizika watoto wawili na mke mmoja kabla ya kutimiza miaka thelathini na mitano, na mwaka 1851 aliuona mwisho wa mwenyeji wake katika nchi ambayo ni kwetu. Alijua kulia kwa Kijerumani tangu utotoni. Akajifunza hazan, akajifunza huzn, akajifunza huzuni, na la mwisho likawa katika lugha aliyoitumikia kwa muda uliobaki wa umri wake. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo aliloliona kuwa bandia kwa sababu tu amelijua ukubwani.

Nami nikirudi Mutomo wakati wa likizo, nikipita penye kaburi la babu, huwa nasema kyeva nikiwa na bibi yangu, na huzuni nikiwa na wadogo zangu waliozoea Kiswahili. Sijawahi kuhisi kwamba neno moja ni la kweli na jingine ni la kuazima. Ombi langu kwa wanachama wenzangu ni kwamba, tutakapokaa tena kujadili asili ya maneno yetu, tuulize limetoka wapi, na kisha tuulize swali lililo zito zaidi: limekaa kwa nani, na limembebea nini. Kwa neno huzuni, mojawapo ya majibu liko Nyali, chini ya jiwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mvita.